Kamanda Amejifungua

Tuliambiwa ni dume.
Daktari aliyehama nyumba ya mbele, hapa Rau,
alituachia kizimba, gurudumu,
mfuko wa alizeti ulioliwa nusu
na huyo hamsta, mnene kama andazi.
"Anaitwa Kamanda," akasema. "Hana usumbufu."

Wiki mbili hazijaisha. Asubuhi ya Julai,
mlima umejifunika hadi kidevuni,
Ndeshi ananiita kwa sauti ya msibani:
"Shangazi, Kamanda ametapika vidole."

Nikavaa miwani ya kutungia uzi.
Vidole vilikuwa vinapumua.
Saba, labda wanane, wekundu kama ulimi,
vipofu, hata unywele mmoja hawana.

Mimi fundi cherehani. Mkono wangu
ukaenda wenyewe kwenye vitambaa:
vitenge, satini, mabaki ya bitana.
Nikafika nayo mpaka mlangoni mwa kizimba
ndipo nikakumbuka uzi.
Uzi naujua. Unajizungusha kidoleni
huku unapiga soga na mteja,
unakaza, unakaza, ncha inakuwa ya buluu.
Na mguu wa kitoto hiki
haufiki unene wa njiti ya kiberiti.

Nikarudisha vitambaa sakafuni.
Nikachana karatasi za chooni, zile zisizonukia,
nikaziacha pembeni, mbali na kiota,
azifuate mwenyewe, kwa mdomo wake, akitaka.

Nyaya za kizimba zimeachana mno:
kidole changu cha mwisho kilipita.
Tumhamishe? Leo hapana.
Tulibeba kizimba kizima,
mimi huku, Ndeshi kule, kama chungu cha mbege kilichojaa,
tukakitua ndani ya beseni la kufulia
ili atakayeponyoka aangukie plastiki,
asipotelee chini ya kabati.
Juu wavu wa kuku, kwa ajili ya paka wa jirani.
Miguu ya meza kwenye makopo manne
yenye maji ya sabuni, kwa ajili ya siafu.
Siafu hawabishi hodi.

Mama mkwe akashuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi.
Alisimama mbali, mikono mgongoni.
"Mzazi hachunguliwi," akasema. "Amekula nini?"
Nikachemsha yai. Nikasaga dagaa wawili.
Akaniuliza mtori uko wapi,
na sijui hadi leo kama alikuwa anatania.

Ndeshi alitaka kugusa, mmoja tu, mgongoni.
"Hata kwa upendo, usiguse."
"Kwani atafanya nini?"
"Atamla."
"Mama? Mtoto wake?"
"Mama aliyetishwa."
Alinyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake.

Cherehani nikaihamishia barazani, kwenye baridi,
kisha hata huko nikaizima.
Mwenye sare za shule akaja na hasira zake.
Nikamwambia, taratibu: ndani kuna mzazi.
Akashusha sauti palepale. "Hongera! Nani huyo?"
"Kamanda."
Bado ananitazama vibaya akinikuta sokoni.

Usiku nilisikia karatasi zikitafunwa, zikipangwa.
Nilipojifungua mimi, mwaka ule, nyumba hiihii,
wageni walijaa mpaka kitandani,
na hapakuwa na mtu wa kuzima redio.

Siku ya kumi nilimulika kwa tochi, kwa mbali.
Sita. Wana manyoya sasa, kama ukungu wa tende.
Nikahesabu tena. Sita.
Sikumuuliza.

Wakifika wiki ya nne nitawatenganisha,
madume boksi hili, majike lile,
kabla sijapata ukoo mzima.
Ndeshi ameshaandika majina sita ya wanajeshi.
Nimemwambia asubiri.
Safari hii tutavaa miwani kwanza.